Zamu ya Kumwombea Mchungaji

Siku waliyompa likizo, walichukua ufunguo wake wa kanisa. Si kwa ubaya. Katibu wa wazee wa kanisa, mzee ambaye usharika mzima ulimwita Mzee Ratiba kwa sababu hakuwahi kuonekana bila daftari lake la zamu, aliupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akasema, "Baba Mchungaji, na huu mzigo tunakutua. Siku tisini, kanisa usilione kwa ndani." Watu wakapiga makofi. Mchungaji naye akapiga, maana ungekuwa wewe ungefanya nini?

Barua ya makao makuu ilikuwa nzuri, ya watu wenye nia njema. Ilisema mchungaji aliyetumika miaka kumi na miwili mfululizo apewe miezi mitatu ya kuhuishwa kiroho: asihubiri, asizike, asifungishe ndoa, asikae kikao, bali aende mahali tulivu apumzike na kuomba. Aliyeiandika hakujiuliza kama mahali tulivu penyewe papo. Wazazi wa mchungaji walishafariki. Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani na hakuwa na likizo. Binti yao wa pekee alikuwa na mtihani wa kumaliza shule. Basi mahali tulivu pakawa palepale nyumbani, na nyumbani ni nyumba ya kanisa, ndani ya uzio wa kanisa, hatua ishirini na mbili kutoka mlango wa ofisi yake. Alizihesabu kwa macho akiwa dirishani, siku ya kwanza, kabla chai haijapoa.

Juma la kwanza alijaribu kutoka. Alikwenda kunyoa tu. Kinyozi, ambaye huimba besi kwaya kuu, alimfunga shuka shingoni, akamnyoa upande mmoja, kisha akatoka nje kupiga simu. Aliporudi kumalizia upande wa pili, Mzee Ratiba alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni na mwavuli. "Baba, unajichosha," alisema kwa huruma ya kweli, akamsindikiza mpaka nyumbani, na njia nzima akawa anawanyooshea mkono waliotaka kumsalimu mchungaji wasimsalimu, wasije wakamtwisha shida zao.

Jumapili iliyofuata Mzee Ratiba akatangaza mnyororo wa maombi. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila saa muumini mmoja atakaa chini ya dirisha la sebule ya mchungaji, amwombee ahuishwe. Benchi lilitolewa kanisani, likabebwa na wanakwaya wakiimba, likategwa ukutani pale nje. Nasema likategwa, na neno sijalikosea.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Usharika uliona mtumishi aliyechoka. Yeye mwenyewe alijua kwamba hakuchoka, amekauka. Hakuweza kuomba. Alikuwa anapiga magoti, anafumba macho, anafungua kinywa, na hakuna kitu. Hakuwa na hasira, hakuwa hata na shaka. Alikuwa kama mtu anayebonyeza swichi ukutani na taa haiwaki, anabonyeza tena kwa mazoea, huku anajua.

Na siku ilipoanzia aliijua. Mpiga kengele wa kanisa, mzee mwenye mikono mikubwa na mzaha usioisha, aliugua miezi saba. Mchungaji alimwombea miezi saba. Tena hakuomba kwa mashartimasharti; aliomba kwa kudai, na hata mimbarini aliwaambia watu kwamba Pasaka hii mpiga kengele ataipiga kengele kwa mkono wake mwenyewe. Mzee akafa Alhamisi, siku tatu kabla ya Pasaka. Mchungaji alimzika vizuri, akahubiri vizuri, akarudi nyumbani, akafungua kinywa kuomba, na kinywa kikabaki wazi.

Sasa barua ile ilikuwa na aya ya mwisho ambayo haikusomwa kanisani. Siku ya tisini mchungaji atatoa ushuhuda mbele ya usharika. Iwapo itaonekana hajahuishwa, wazee watoe taarifa ili hatua zaidi zichukuliwe. Hatua zaidi kila mchungaji anazijua. Ni wiki mbili za kufungasha na lori mlangoni. Nyumba ni ya kanisa, shule ya binti iko mtaa wa pili, zahanati ya mke iko mtaa wa tatu.

Juma la tatu Mzee Ratiba aligonga mlango. "Baba Mchungaji, usinielewe vibaya. Watu wa benchini wanasema hawakusikii. Si kwamba tunakuchunguza, hasha. Ni vile tu ukiomba kwa sauti, unatutia moyo na sisi."

"Naomba moyoni, mzee."

"Ni vizuri. Ila moyoni hakusikiki." Akaandika kitu daftarini.

Ndipo mchungaji alipoikumbuka ile sauti kwenye simu. Alikuwa ameirekodi kando ya kitanda cha mpiga kengele, wakati wa ugonjwa, kwa sababu mke wa mgonjwa alitaka sala ya kumsikilizisha mumewe siku ambazo mchungaji hawezi kufika. Ilikuwa na dakika kumi na saba. Sauti nyingine zote alizokuwa nazo zilikuwa mahubiri, na mahubiri yanajulikana hata ukutani: "ndugu zangu, ndugu zangu." Sala ilikuwa hii moja. Aliiweka simu juu ya kochi, akaifunika kwa mto ili maneno yasitoke, itoke sauti tu, ikipanda na kushuka. Kisha akakaa kwenye kiti, akajisikiliza akiwa hai.

Tatizo lilikuwa dakika ya tisa. Dakika ya tisa alimtaja mpiga kengele, akapaza sauti kumwahidi kengele ya Pasaka, kisha palitokea kikohozi, na baada ya kikohozi sauti nyembamba ya mzee: "Amina." Mto ungeficha maneno, usingeficha mwanamume wa pili ndani ya nyumba. Kwa hiyo kila ilipokaribia dakika ya tisa, mchungaji alikwenda jikoni, akafungua bomba lote. Lilikuwa bomba bovu lenye tabia zake. Likifunguliwa lote linaguna, kisha linanguruma ukutani mpaka madirisha yanajibu. Analiacha nusu dakika, analifunga, anarudi kitini. Tusifichane, hakulifungua kwa ajili ya watu wa benchini peke yao. Yeye mwenyewe hakuweza kuisikia ile Amina.

Hila ikafaulu, na ndipo ilipomfunga barabara. Saa nne ya kila siku sala ilipanda, na sifa zake zikapanda nayo. "Mchungaji anaomba siku hizi! Saa nne kamili, hakosi!" Walikuja watu hata wa usharika wa pili kusikiliza ukuta. Mzee Ratiba akaongeza benchi. Mwanamke mmoja akashuhudia kanisani kwamba amepona mgongo kwa kuegemea pale tu.

Mkewe alimkuta juma la tano. Alirudi ghafla kuchukua koti lake la kazi, akamwona mumewe ameketi mikono mapajani na sala yake inatoka chini ya mto. Alisimama. Aliutazama mto, akamtazama yeye.

"Unaumwa?" aliuliza polepole.

"Siumwi. Nimekwisha."

Mkewe alivaa koti, akafunga vifungo vyote, hata vile ambavyo huwa havifungi. "Binti ana mtihani mwezi wa kumi na moja," alisema. "Maliza hizo siku, mume wangu. Mengine tutayaona." Akaondoka. Mchungaji hakumlaumu. Lakini tangu siku hiyo nyumba ikapungua; hata mtu pekee ambaye angemwambia ukweli alikuwa amekwisha kuujua na kuufungia vifungo.

Njia ya mwongo ni fupi, na siku za mwizi ni arobaini. Zake zilifika themanini na nane. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, na wasikilizaji wengine hawakuja. Zamu ya saa nne ya Jumanne na Ijumaa ilikuwa ya mjane wa mpiga kengele mwenyewe, Mama Cherehani, mshonaji wa majoho ya kwaya, mwanamke mnene mpole anayetembea na tepu ya kupimia shingoni hata akija ibadani. Mchungaji aliiogopa zamu yake kuliko zote. Ilipokaribia dakika ya tisa alikwenda jikoni mapema, akafungua bomba.

Bomba likakohoa, likatema tone moja la kutu, likanyamaza. Maji yalikuwa yamekatika.

Alilizungusha mpaka mwisho. Alikimbilia sebuleni, akajikwaa kwenye zulia, na kabla mkono haujafika kwenye mto, mzee akakohoa na kusema, "Amina." Nyumba nzima ilikuwa kimya. Nje benchi lililia, kama linavyolia mtu akiinuka. Kisha mlango ukagongwa, polepole, mara tatu.

"Baba Mchungaji, nifungulie."

Alifungua, maana hakukuwa na mlango mwingine. Mama Cherehani aliingia na viatu mkononi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mchungaji akanyoosha mkono aizime simu.

"Usizime," mama akasema.

Wakasimama wawili, mmoja huku na mmoja kule, wakasikiliza dakika nane zilizobaki mpaka sala ikaisha yenyewe.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Afadhali leo maji yamekatika."

Mchungaji akakaa kitini bila kukusudia. "Ulijua?"

"Toka siku ya kwanza. Hiyo sala mimi naijua kuliko ninavyoijua cherehani yangu. Si ulinitumia? Ila simu ilitumbukia kwenye beseni la nguo wiki ya mazishi, sauti zote zikaenda na maji. Sasa nina kisimu cha tochi, hakipokei sauti. Nikasema basi, mume wangu sitamsikia tena mpaka na mimi niende. Halafu niko pale benchini, nakuombea wewe, mara nasikia ukutani: 'Ee Bwana, tumekuja mikono mitupu.' Weee! Moyo uliniruka. Nikaanza kuhesabu. Sasa anamtaja, sasa anakohoa, sasa atasema." Alijifuta uso kwa ncha ya tepu. "Mara maji. Nikasema labda anaosha vyombo. Ijumaa, maji. Jumanne, maji. Wiki kumi, Baba. Ikifika zamu ya mume wangu tu, unamfungulia bomba."

Mchungaji alijisikia mwizi kuliko alivyowahi kujisikia katika maisha yake, na aliyemwibia alikuwa amekuja miguu mitupu.

"Kwa nini hukugonga?"

"Ningegonga, ungeacha kuiwasha. Nikasema nivumilie, siku moja atasahau."

"Nilimdanganya, Mama. Nilimwambia atapiga kengele."

Mama Cherehani akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayemkumbuka mtundu wake. "Umdanganye nani? Ulipotoka siku ile nilimuuliza, mbona umeitikia kwa uhakika hivyo na hata kesho huijui? Akaniambia, 'Mwache kijana wa watu. Ameogopa kuliko mimi. Nimemwitikia asijione yuko peke yake.'"

Hapo mchungaji akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kama binti yake alivyolia akiota meno ya kwanza, na mama yule hakumwambia nyamaza. Alingoja. Kisha akauliza, "Na wewe mwenyewe unaomba saa ngapi?"

"Siwezi. Toka siku ile ya mazishi."

Mama akatikisa kichwa, wala hakushangaa. Akatazama saa ya ukutani, akavaa viatu. "Zamu yangu bado dakika ishirini," alisema, akarudi benchini.

Jumamosi mchungaji alimwambia mkewe kwamba kesho atasema kweli. Mkewe alikuwa anakunja shuka. Aliikunja mara mbili, akaikunjua, akaikunja upya. "Sema," alisema mwishowe. "Nami nimechoka kuishi na mto unaosali. Ila kama ni lori, wasije kabla sijamaliza kufua."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka barazani. Kwaya ilivaa majoho mapya, na juu ya madhabahu lilitandazwa bango lenye herufi za kukatwa kwa mkono: AMEHUISHWA. Ufunguo uliletwa juu ya kitambaa cheupe. Mzee Ratiba alimkabidhi huku midomo inamcheza kwa furaha, akampisha mimbarini.

Mchungaji aliweka simu mbele yake. Alisema kwa ufupi, kwa sababu maneno marefu ndiyo yaliyomponza. Alisema hajaomba tangu mazishi ya mpiga kengele. Alisema walichokisikia ukutani ni sala ya zamani, na ni simu hii. Alisema hakuhuishwa, na akawaomba radhi, hasa yule aliyefunguliwa maji. Kisha akakaa, akiwa amekwisha kulisikia lori.

Kinyozi aliangalia viatu vyake. Mwanamke wa mgongo akajishika mgongo. Mzee Ratiba akainuka, akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza watu waliona machozi yakidondokea ratiba.

"Ndugu zangu," alisema, "tumekosa sisi. Ugonjwa ulikuwa mkubwa, sisi tukatoa dozi ndogo. Mtu mmoja kwa saa, tena nje! Makao makuu hatuwaambii kitu. Huyu ni wetu. Napendekeza tumwongezee miezi mitatu. Na safari hii watu wawiliwawili, ndani, sebuleni, tupige naye magoti uso kwa uso mpaka afunguke."

"Amina!" kanisa likaitika, mpaka bango likayumba.

Mchungaji alijiandaa kufukuzwa. Hakujiandaa kupendwa zaidi. Alitazama nyuso zile, zote zinamwonea huruma, zote zinamlilia, na hakuona hata upenyo wa kupitisha neno. Mzee Ratiba alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Mchungaji akamrudishia ufunguo.

"Na simu," Mzee Ratiba akasema kwa upole. "Ndiyo iliyokuponza. Hiyo sauti tuifute, Baba, isikujaribu tena."

Kule nyuma, katika kanisa zima, mtu mmoja alikuwa hajaitika Amina. Mama Cherehani alikuwa amesimama, ameshika tepu yake kwa mikono yote miwili.

"Hapana," mchungaji akasema.

Mzee Ratiba alidhani hakusikia vizuri. Miaka kumi na miwili hakuwahi kuambiwa neno hilo.

"Ufunguo chukua. Sebule chukueni. Hii hapana." Alishuka mimbarini, akapita katikati ya mabenchi mpaka nyuma, akamwekea Mama Cherehani simu mkononi. "Ni yako, Mama. Ilikuwa yako siku zote."

Wakamsindikiza nyumbani, hatua ishirini na mbili. Zamu ilianza palepale, maana Mzee Ratiba si mtu wa kungoja kesho. Kinyozi alipiga magoti upande wa kulia, mwanamke wa mgongo upande wa kushoto, na mchungaji katikati, kwenye zulia lake mwenyewe, viwiko vyao vinamgusa mbavu. Mlango ukafungwa kwa nje, kwa heshima. "Tunakungoja wewe, Baba," kinyozi akanong'ona kwa sauti yake ya besi. "Hatuna haraka."

Alifungua kinywa. Kikabaki wazi. Hapakuwa na simu, hapakuwa na mto. Wale wawili wakasogea karibu zaidi. Kwa muda akadhani atapiga kelele kama mtu aliyefungiwa kabatini.

Nje, benchi likalia, kama linavyolia mtu mzito akikaa. Haikuwa zamu ya mtu. Benchi lilikuwa limefutwa kwenye daftari. Kisha ukutani ikapanda sauti yake mwenyewe, ya zamani, ikidai, ikiahidi, na kinyozi akageuka dirishani kwa hasira. Mchungaji hakugeuka. Alikuwa anahesabu. Sasa anamtaja. Sasa anakohoa.

Jikoni maji yalikuwa yamerudi, bomba linadondoka tone moja moja. Aliliacha lidondoke, akangoja.

"Amina," mzee akasema.